Hodi Kutoka Ndani

Vijana wangu wa kazini, mmenisumbua vya kutosha. Tangu niliporudisha ngazi na funguo za stoo, kila mnaponikuta sokoni mnaniuliza nitaandika lini. Haya, naandika. Ila msitafute humu habari za vyeo na mishahara. Vyeo sikupewa, na mshahara niliula. Nitaandika kazi yenyewe, na nitaiandika ninavyosema, kwa sababu namna nyingine sikufundishwa. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Mkuyuni. Anayetaka sarufi aende shule ya Kilakala, walimu wako wengi huko.

Mnaniita Fundi Tatu. Wateja wengi, nikifika na begi langu la vifaa, walikuwa wananikaribisha vizuri halafu wananiuliza fundi anakuja saa ngapi. Nilikuwa nawajibu, "Ameshafika, hebu nishikie ngazi." Nikishapanda darini na suruali yangu chini ya khanga, ndipo wanaacha kuuliza.

Nilianzia mlangoni, na simaanishi mlango wa ofisi. Enzi za vibanda vya intaneti pale mjini Morogoro, Mzee Lyimo alifungua chake jirani na soko. Alikuwa fundi wa simu za mezani, mtu mrefu, mkimya, mwenye kalamu mbili mfukoni ambazo zote hazikuandika. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi kwenye baraza yake. Wateja wakishakaa kwenye kompyuta hawataki kuinuka, muda wao unakimbia, basi wananituma mimi. Huyu chips mayai, yule chips kavu na soda, yule mwingine chips asiweke pilipili. Navuka barabara, naagiza, narudi na sahani mikononi.

Siku moja Mzee Lyimo akanisimamisha mlangoni.

"Tatu, unajuaje sahani ipi ya nani?"

"Si nakumbuka nani aliagiza nini."

"Na mwenye chips anawajua hao walioagiza?"

"Atawajulia wapi? Ananijua mimi tu. Kwake yeye mla chips ni Tatu."

"Je, akivuka mwenyewe na sahani ambayo hakuna aliyeiagiza?"

"Atarudi nayo. Nitampa nani?"

Mzee Lyimo akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nikamwona meno. Akanishika mkono mpaka chini ya meza ya pembeni, akanionyesha boksi kuukuu lisilo na kioo, linapepesa taa za kijani. "Huyu ndiye Tatu wa kompyuta zangu," akasema. "Jina lake ruta."

Nilivyoelewa siku ile ndivyo ninavyoelewa mpaka leo, na nyie mliosoma vyuoni hamjaniongezea sana. Kila kompyuta ya ndani ina namba yake, lakini namba hiyo inajulikana humu humu ndani tu. Nje haitembei. Huko duniani kibanda kizima kina namba moja, namba ya ruta. Kompyuta ya dirishani ikiomba ukurasa, ruta inalichukua lile ombi, inaiondoa namba ya ndani, inabandika namba yake yenyewe, na kichwani mwake inaweka alama: jibu likirudi kupitia tundu hili, ni la dirishani. Kompyuta ya mlangoni ikiomba, inapewa tundu lingine. Jibu likifika, ruta inaangalia alama, inapeleka panapohusika. Kikija kitu ambacho hakuna aliyekiomba, kinatupwa.

"Ndiyo hiyo tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo hiyo tu."

"Basi mimi nimekuwa ruta muda mrefu, tena bila umeme."

Kesho yake chai aliiuza mdogo wangu. Mimi nilikuwa chini ya meza na koleo ya kubania vichwa vya waya. Rangi za nyaya nilizishika kwa wimbo niliojitungia mwenyewe. Wimbo huo siuandiki hapa kwa sababu una matusi, ila mliofanya kazi na mimi juu ya dari mmeusikia, na hakuna kati yenu aliyekosea waya tangu hapo.

Kisa cha kwanza kigumu nilichokiona kilisababishwa na mapenzi. Kijana mmoja aliachwa na mchumba, akaja kibandani akakaa kubahatisha neno la siri la barua pepe ya yule binti. Akakosea, akarudia, akakosea tena. Huko nje wakaona mtu mmoja mwenye namba moja anagonga mlango wa watu kwa fujo. Wakamfungia. Ila waliyemfungia si yeye, ni namba, na namba ilikuwa yetu sote. Mara kibanda kizima kikapiga kelele. Kulikuwa na sista mmoja anamwandikia mkubwa wake wa shirika, akatolewa katikati ya barua. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeachwa.

"Sisi tumefanya nini?" watu wanauliza.

"Hamjafanya kitu," akasema Mzee Lyimo. "Lakini ukiwa nje, humu ndani yumo mtu mmoja tu, na leo mtu huyo ameachwa na mchumba."

Sista akamgeukia yule kijana. "Mwanangu, mwandikie barua ya mkono, uombe msamaha, uache ushamba." Kijana akaondoka na aibu yake. Sisi tukakaa kunywa chai tukisubiri watu wa nje wapunguze hasira.

Mzee Lyimo alipochoka akarudi kwao mlimani Kilimanjaro, akaniachia koleo na zile kalamu zisizoandika. Nikaendelea: nyumba za wageni, shule, zahanati, maghala. Kuna nyumba ya wageni nilikuta mwenye nyumba ameongeza ruta ya pili akidhani intaneti itakuwa mara mbili. Ruta zote mbili zikawa zinagawa namba zile zile, wageni wa vyumba viwili wakajikuta na namba moja, na kila mmoja anaikatia mwenzake mtandao. Walikuwa wameshaanza kutukanana kwa kupitia ukutani. Nikachomoa moja, nikaenda nayo sebuleni, nikaiwekea ua juu. Mwenye nyumba akaniuliza sasa ile inafanya kazi gani. Nikamwambia inapendezesha.

Lakini kazi ninayotaka muijue vizuri ni ya Mgeta, kule milimani.

Kikundi cha wakulima wa mboga kule juu kilitaka intaneti ili wajue soko la Dar linataka nini kabla lori halijapakia. Nikapandisha dishi. Gari linakuacha barabarani, halafu ni njia ya miguu, na njia za Mgeta zimesimama kama ngazi. Akina mama wananipita na tenga la kabichi kichwani, wanapiga soga, mimi na waya wangu natambaa kama kinyonga. Nikamaliza. Ofisi yao ikapata dishi, ruta, na kamera moja ya kulinda ghala. Ila dishi lile lilishika mtandao kutoka kwa kampuni moja ya mjini, na mjini kule kulikuwa na ruta nyingine kubwa, na nyuma ya ruta hiyo tulijaa watu wa mlima mzima. Yaani namba ya nje hatukuwa nayo hata sisi. Tulikuwa ndani ya ndani.

Halafu akafariki Mama Veneranda, mmoja wa wakulima wale, nyumba yake iko chini kidogo ya ofisi. Miaka hiyo simu nyingi zilikuwa za vitufe, na hizo nazo zilishika mtandao juu ya jiwe moja tu lililoko nyuma ya ofisi. Binti yake wa pekee, Eufrasia, alikuwa nesi Ujerumani, na wiki ile ile ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Kusafiri hakuweza. Aliomba kitu kimoja: amwone mama yake akizikwa.

Ndugu yake, Deo, mwalimu wa sekondari, mtoto wa mama yake mdogo, akasema hilo dogo. Akahamisha kamera ya ghala, akaielekeza kaburini, akaifungua kwenye laptopu ya kikundi, picha safi kabisa. Akachukua ile namba ya kamera, mia na tisini na mbili nukta mia sitini na nane na kuendelea, akapanda jiweni akamsomea Eufrasia kwa simu.

Mimi ndiyo kwanza nafika kutoa pole. Namwona Deo anateremka mbio, tai begani.

"Shikamoo, Fundi. Afadhali umekuja. Dada ameingiza namba niliyompa, anasema anaona printa."

"Marahaba. Printa gani?"

"Printa ya kwao! Inamwambia wino umekwisha."

Nilicheka msibani, Mungu anisamehe. "Deo, hiyo ni namba ya ndani. Kila nyumba duniani inazo hizo hizo. Ukimwambia mtu wa Ujerumani 'nenda kwa shangazi', atakwenda kwa shangazi wa kwake. Hawezi kuja kwa shangazi yako wa Mgeta."

"Sasa aingilie wapi?"

"Haingii. Mlango wa kuingilia hatuna. Anayeweza kuanza ni wa ndani, basi. Sisi ndio tutoke tumfuate kwake. Tukishatoka, ruta zinaweka alama, na sauti yake itarudi kwa njia ile ile."

Eufrasia alikuwa na bahati, mumewe ni mtu wa mitambo. Kwao walikuwa na namba yao ya nje, na ruta yao waliiamuru ifungue tundu moja. Deo akapanda jiwe tena, akarudi na namba ya kweli imeandikwa kwenye kiganja. Nikavuta waya mpaka uani kwa marehemu, nikaweka laptopu kwenye kigoda, nikaijaza ile namba kwenye programu ya kurusha picha na sauti. Kilichobaki ni kubonyeza. Misa imeshakwisha kanisani, jeneza liko njiani.

Hapo ndipo Mzee Polikarpi alipouliza, "Hicho kitufe ni cha nini?"

Mzee Polikarpi ni kaka wa marehemu, mjomba wake Eufrasia. Na kwa Waluguru nyie mnajua mjomba ni nani. Baba anaweza kukohoa, lakini anayesema ni mjomba. Alikuwa amekaa mkekani na koti lake la sufu, na Deo, kwa ualimu wake, akamjibu kwa ufupi unaoeleweka.

"Tunampigia hodi dada Eufrasia, mjomba."

"Nani anampigia nani hodi?"

"Sisi, mjomba. Nyumba hii."

"Haiwezekani." Hakupaza sauti. "Nyumba yenye msiba haibishi hodi kwa watu. Watu ndio wanakuja. Hata maji ya kunywa tunaletewa. Anayetaka kuzika aje abishe hodi hapa, ajibiwe karibu."

"Mzee wangu, shikamoo," nikasema. "Hawezi kuingia. Mitambo imekaa hivyo. Lazima ndani waanze."

"Marahaba, Fundi. Mitambo haijafiwa. Mimi ndiye niliyefiwa." Akajifunika koti vizuri. "Tena huyo aliondoka hapa bila kuniaga. Alijua kutoka bila hodi. Leo mimi nikambishie?"

Basi nikaelewa. Jambo lilikuwa hilo la mwisho, hayo ya kwanza yalikuwa nguo tu ya kulifunika. Lakini nguo yenyewe ilikuwa halali. Nani atabishana na mila ya msiba mbele ya wafiwa? Deo akakaa chini. Jeneza likatokea kwenye kona ya mgombani, nyimbo zinasikika, na huko Ujerumani mtu amekaa na mtoto mchanga mapajani anatazama kioo cheusi. Nilikuwa na koleo mkononi. Koleo haikuwa na kazi.

Aliyetuokoa alikuja amevaa nguo za marehemu. Bibi Koleta, mtani wa ukoo ule, tangu asubuhi alikuwa amejifunga kitenge cha Mama Veneranda, anatembea kwa fimbo yake, anachechemea kama marehemu alivyochechemea, anagombeza wapishi chai haina tangawizi, na watu wanalia huku wanacheka. Ndiyo kazi ya mtani. Akasimama mbele ya mkeka.

"Polikarpi, mume wangu uliyeshindwa kunioa. Unanizuia nisionekane na mwanangu?" akauliza kwa sauti ya marehemu.

"Ondoka hapa, mwizi wa njegere," akajibu Mzee Polikarpi. Kwa mtani huruhusiwi kukasirika, ila unaruhusiwa kutukana.

"Njegere zenu zenyewe zina funza. Nisikilize. Wewe umefiwa?"

"Nimefiwa."

"Basi kaa hapo mkekani ufiwe vizuri, maana hata kulia hujui. Mimi je, nimefiwa? Sijafiwa na mtu. Nyie mkifa sisi tunashiba. Habari ya kifo chenu alipeleka nani kwa majirani?"

Mzee Polikarpi akageukia upande wa jeneza.

"Alipeleka nani?"

"Watani."

"Na Ujerumani ni jirani wa mbali tu. Fundi, kitufe ni kipi?"

Nikamwonyesha. Akakibonyeza kwa kidole chenye unga wa ugali, unga ambao baadaye nilishindwa kuutoa katikati ya vitufe, akainamia laptopu akapiga kelele bonde zima likasikia, "Hodi Ujerumani! Hodi hodi! Kuna watu huko, au mmelala tu kama akina Polikarpi?"

Tukasubiri. Ombi likatoka ruta ya ofisini, likashuka mlima, likatoka ruta ya mjini, likaenda. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, karibu kama yuko jikoni.

"Karibu, Bibi Koleta. Karibuni. Ninawaona."

Niligeuza kamera kidogo ili padri asimzibe. Eufrasia aliona yote: maji ya baraka, udongo, mashada, Bibi Koleta akijilaza pembeni ya kaburi akidai hainuki mpaka apewe jogoo. Alipewa jogoo. Tulimsikia Eufrasia akilia, katikati ya kilio akicheka, na nyuma yake mtoto mchanga akilia kwa mambo yake mwenyewe.

Mvua ya Mgeta haiagi. Ilianza manyunyu mara tu maua ya mwisho yalipowekwa. Nikaichomoa kamera haraka, nikaifunika khanga, nikaihamishia laptopu barazani. Picha hakuna tena, sauti tu. Watu wakaingia chini ya turubai. Mzee Polikarpi akaja barazani kukwepa mvua, akakaa kwenye benchi, mbali na laptopu kiasi cha mtu anayejifanya haioni.

"Fundi," ikasema sauti, "mjomba yupo hapo?"

Nikamtazama. Akatazama mvua.

"Yupo," nikasema.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuna mtu wa kule milimani anayeweza kuiacha shikamoo ikae hewani. Inamuuma sikioni. "Marahaba," akasema. Halafu akanyamaza, na Eufrasia naye kimya, na mimi nikaanza kupata joto.

Hili mlijue, vijana, kwa sababu linawapata kila siku na hamlioni. Ile alama ambayo ruta inaweka kichwani haidumu. Ruta kubwa ya mjini ilikuwa na watu wengi wa kukumbuka, na ukinyamaza kidogo inakufuta. Tena haihesabu anayeingia, inahesabu anayetoka. Picha ilipokuwepo ilikuwa inatoka muda wote, hakuna shida. Sasa kilichokuwa kinatoka ni sauti tu, na programu ile isiposikia sauti haitumi kitu. Mzee akikaa kimya, njia inafungwa. Kubonyeza tena ningeweza. Lakini mzee yule kumrudisha tena kwenye mazungumzo yale, kitufe hicho hakijatengenezwa.

"Mzee wangu, sema kitu," nikamnong'oneza.

"Niseme nini?"

"Chochote. Ukinyamaza mtambo utamsahau."

Akanigeukia. "Utamsahau?"

"Ndiyo. Unakumbuka mtu wa ndani akiwa anaongea tu."

Akasogea kwenye benchi. Akasogea tena. Akaiinamia laptopu kama mtu anayechungulia kisima.

"Eufrasia."

"Abee, mjomba."

"Umekula?"

"Nimekula, mjomba."

"Na huyo mtoto, ananyonya?"

"Ananyonya sana."

"Vizuri." Akanitazama. Nikamwashiria kwa mkono, endelea. "Kabichi mwaka huu zimekubali," akasema. "Za bonde la chini. Za juu zimeliwa na wadudu. Yule mbuzi mweupe wa mama yako amezaa, kazaa mapacha. Njia ya kwa akina Deo imebomoka, tumeitengeneza, imebomoka tena. Mama yako alisema watu wa kikundi wavivu. Alikuwa anasema kweli, ila mimi nilimbishia." Akaisukuma kofia nyuma. "Alikuwa anapanda pale jiweni kila Jumapili kukupigia. Na mguu ule mbovu. Namwambia asipande, anapanda. Akiteremka anapita hapa, ananieleza ulichosema. Mimi najifanya sisikilizi."

Mvua ilikuwa imeshika kasi juu ya bati. Nilivuta begi langu, nikakunja waya wa kamera, nikasafisha kichwa cha waya kwa ncha ya khanga, polepole, nisije nikaonekana nimemaliza.

"Huyo mtoto mmemwita nani?" akauliza.

"Bado, mjomba. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Mzee Polikarpi akavua kofia, akaiweka gotini, akaanza kumtajia majina ya akina bibi wa ukoo wao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa nani, na alilima wapi. Sikuwa na haja ya kumwashiria tena.